Karatasi Inasema Nini?

Juma lililopita nilipata habari kutoka Kipushi kwamba mwalimu mwenzangu wa zamani amefariki. Kwenye matanga walimsifu kwa upole. Nilikasirika, maana hakuwa mpole hata kidogo, na mimi niliyepewa kiti cha mbele sikustahili hata kusimama mlangoni.

Wakati wa ukoloni, mji wetu ulipokuwa bado unaitwa Élisabethville, tulifundisha Kifaransa katika shule moja ya misioni, ukuta mwembamba ukitutenganisha. Mimi nilisoma sentensi, watoto wakairudia kwa sauti moja: theluji imeanguka, mchungaji anawasha moto. Hakuna aliyewahi kuona theluji. Mkaguzi alipenda matamshi yao, nami nikavimba kichwa. Mwenzangu alifunga kitabu, akawaagiza watoto walete karatasi yoyote ya nyumbani: ya sabuni, tiketi ya treni, barua ya hospitali. Mtoto alisoma, nami nikamsikia mwenzangu kupitia ukuta: "Umesoma muzuri. Sasa ambia mama yako: karatasi inasema nini?" Nilimcheka kwamba anafundisha takataka. Akanijibu: "Batoto yako banaimba, ndugu. Ya kwangu banasoma."

Siku moja mwanafunzi wake alileta tangazo la Kifaransa alilonakili kwenye lango la kambi ya wafanyakazi. Karani alikuwa amewaambia akina mama kwamba ni habari ya kupaka nyumba chokaa. Darasa likasoma: mfanyakazi akilazwa hospitali zaidi ya miezi mitatu, familia yake itoke katika nyumba. Baba wa mtoto yule alikuwa amelazwa. Mtoto alieleza nusu, akakunja karatasi, akakimbia kwa mama yake. Kesho yake akina mama walijaa mbele ya ofisi ya kambi.

Padri mkuu aliniita mimi, akauliza karatasi ile ilisomwa darasa gani. Ningeweza kusema sijui. Nilisema. Tangazo liliondolewa, mwenzangu naye akaondolewa, mbele ya wanafunzi wake. Nilipewa darasa lake, nikarudisha theluji, nikaendelea nayo miaka mingi.

Leo nasikia wazee wenzangu wakisema shule za zamani ndizo zilikuwa shule. Uongo. Tulitoa watu wanaosoma Kifaransa kwa sauti nzuri, kisha wanatia sahihi wasichokielewa. Mimi ndiye niliyewafundisha hivyo, na hakuna Mzungu aliyenishika mkono kunilazimisha.

Makaburini, mzee mmoja alisoma hati ya mazishi kwa Kifaransa, akaishusha, akamgeukia mjane na kumweleza kila neno kwa Kiswahili. Alikuwa yule mtoto wa tangazo. Ninyi mnaofundisha lugha ya wageni, mtoto akisoma vizuri msimpigie makofi bado. Muulizeni karatasi inasema nini. Mimi niliulizwa na padri swali jingine, na nikalijibu haraka mno.