Nilichokiona Mjukuu Wangu Alipocheza

Mwaka wenyewe ni ule tuliokula pilau ya harusi ndani ya vibati vya foili, kila mtu na chake juu ya mapaja, kama abiria wa ndege. Maradhi yale yaliyotufungia majumbani yalikuwa yameshapungua, kumbi zimefunguliwa, lakini sinia la watu sita lilikuwa bado halijarudi. Achari ililetwa kwenye kikopo kidogo kama cha dawa ya kikohozi. Mie kula peke yangu harusini sijakuzoea mpaka leo.

Kuna jambo langu moja lazima nilieleze kwanza. Mie mtu namjua mwili wake kwa kumtizama anavyocheza. Skuli sikukaa sana, lakini hili nnalo. Shangazi yangu, Unguja, alikuwa akinikalisha kwenye ngoma ya lelemama na kuniambia, "Wacha kutizama kiuno, kiuno kila mtu anacho. Tizama kisigino." Lelemama watu wanasimama safu, mikono na shingo vinakwenda taratibu, na mjinga hudhani haina kazi. Simama weye nusu saa uone! Mwenye mgongo mbovu ataanza kujinyoosha. Mwenye magoti mabovu atachekacheka na kumgeukia mwenziwe amsemeshe, kumbe anataka pa kuegemea. Anayerusha mikono sana, miguu yake ina jambo. Na anayekata kiuno mdomo wazi, huyo pumzi hana, hata kama ni msichana mbichi. Niliwahi kumuona bibi mmoja mnene hasa, watu wanamcheka, anakwenda chini mpaka sakafuni na kuinuka bila ya kushika kitu. Nikasema yule ana mapaja ya mpagazi, atatuzika sote. Yuhai mpaka leo. Waliomcheka, wengine tumeshawazika.

Basi Maskat hii nilikohamia, kina mama wenye vijana wa kuoa walinijua. Walikuja kukaa karibu yangu: "Bibi, yule wa zambarau vipi?" Na mie nasema. "Yule mzima, mgongo wake wa kubeba pacha." Nikiona kasoro siitaji, nasema tu, "Kacheza vizuri." Wakaja wakafahamu wote kuwa "kacheza vizuri" yangu ndiyo mbaya. Na nikinyamaza, mbaya zaidi. Sikatai, nilipenda. Nani hapendi kuulizwa?

Siku hiyo ya vibati, ukumbi ulikuwa mtaa wa Ghala, nyuma ya magereji, una masofa yale ya chini ambayo mtu wa magoti yangu akishakaa hainuki mpaka avutwe. Kulia kwangu kakaa binti yangu. Kushoto akaja kukaa mama wa kijana anayemtaka mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu huyo huyo. Walikuwa wameshakuja nyumbani kwa maneno, mahari bado hayajatajwa. Mbele yangu meza ya kioo imejaa soda. Simu zetu zimebandikwa vibandiko mlangoni, hapana kupiga picha. Cha kuona ukione kwa jicho lako.

Mjukuu wangu akaingia kucheza na wenzake. Wallahi alicheza, watu wakapiga vigelegele. Na mie, kijiko mkononi, nikaona. Alikuwa akizunguka upande wa kulia tu. Wenzake wakigeukia kushoto, yeye anatia maringo ya mabega, anangoja, kisha anaanza tena kulia kwake. Mguu wa kushoto anaugusa chini kama sakafu ina moto. Nyonga. Ile nyonga haikuwa nzima, na haikuanza jana. Hakuwahi kuniambia. Tena ananijua vyema: macho yake yakanikuta mie kabla ya mtu mwengine yeyote, akayaondoa haraka.

Mama wa kijana akaniinamia. Kajifukiza udi mpaka pilau ikanipotea ladha.

"Bibi, mwenyewe umekaa hapa, nikamuulize nani tena? Huyu wetu vipi?"

Nikatia wali mdomoni, nikatafuna. Nikisema mzima, mie ni bibi yake, nani ataniamini? Tena nitakuwa nimemdanganya mtu anayemtafutia mwanawe mke. Nikisema kacheza vizuri, nimemchinja. Nikinyamaza, nimemchinja vile vile. Na mtoto kampenda kijana, nnawasikia wakicheka kwenye simu jikoni kwangu. Nyonga ni yake. Akamwambie mwenyewe huyo anayetaka kumuoa, kwa mdomo wake, si mie nimsemee baina ya pilau na soda.

"Nataka msalani," nikamwambia binti yangu.

"Mama, umetoka sasa hivi! Na magoti hayo utaanguka mbele za watu. Kaa." Akanishika mkono kwa mapenzi. Nilitamani kumuuma.

Yule mama hakuchoka. "Leo bibi kanuna. Haya, tumwache huyu. Yule wa kijani je? Nna mwengine wa kuoa."

Wa kijani nilikuwa nimeshamuona. Mzima, kifua kipana, anatua kwa vidole kama paka. Neno lilikuwa juu ya ulimi. Nikalimeza. Nikimsifu wa kijani na huyu wangu nisimsemee, si nimeshasema?

"Simpimi mtoto wa mtu kwa ngoma," nikamjibu.

"Ha! Tangu lini?"

"Tangu kibati hiki cha pilau."

Binti yangu akanifinya. "Mama, aibu hiyo. Sema neno moja tu, mtoto wetu anasubiriwa!" Yeye hakuwa ameona kitu. Kamzaa, kamlea, nyonga yake hakuiona.

Nyuma ya sofa alikuwepo shoga yangu wa tangu tunakaa Matrah, ndiye niliyemchagulia wake wa wanawe wote. Akanijia begani. "Mwache huyo. Mie niambie wa kijani, nnaye mjukuu. Nitie sikioni, asisikie mtu."

Mama wa kijana akaacha kutafuna. Soda mkononi, hanywi. Nikimnong'oneza shoga yangu neno moja tu, huyu atajua kuwa mdomo wangu unafanya kazi kwa watoto wa watu wote, umekwama kwa mkwe wake peke yake. Nikatikisa kichwa.

"Hata mimi?" shoga yangu akauliza. "Umri wote huu, hata mimi?" Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefungiwa mlango na ndugu yake.

Ngoma ikageuka tena kushoto. Sikumtizama mjukuu wangu. Nilitizama wali wangu, nikasema kwa sauti iliyofika mpaka masofa ya nyuma:

"Simpimi mtoto wa mtu kwa ngoma."