Punje Tatu za Papa Evode

Siku ile Mukagasana alimtuma mume wake, Evode, kwenye shamba la ng'ambo ya kijito, huku akijua kabisa kwamba maharage yalikuwa yameshavunwa.

"Papa Victorine, nenda ufukuze ndege," alimwambia, macho yakiangalia chini.

Ndege wa nini, jamani, kwenye shamba tupu?

Zamani Evode ndiye aliyekuwa mdomo wa Muheto. Msichana hakutoka kwenye kilima kile kwenda kuolewa bila yeye kusimama na kusemea ukoo. Kisha, mwaka wa pili wa uhuru, akashikwa na mugiga, ile homa inayokaza shingo na kuua watu wengi. Yeye alipona, lakini maneno yake yalitawanyika. Ungemwuliza amelalaje, naye akaanza vizuri tu:

"Nimelala muzuri, mbuzi ikakata kamba, kamba ya kengele ya misioni, Padri akavuka daraja, daraja ya… ya…"

Hapo mkono ulibaki hewani, neno halipatikani, na aliyeuliza ameshakwenda zake. Vijana wa njiani walimwita Radio ya Posta Tatu, redio inayoshika stesheni tatu kwa pamoja.

Mukagasana hakucheka. Siku moja, wakichambua maharage, aliona kwamba mume wake akifumba punje moja mkononi, mawazo yake hayakimbii mbali. Basi ikawa desturi ya nyumba yao: punje moja, jambo moja. Akipotea, mke anagonga taratibu ile ngumi yake yenye punje, "Iko mu mukono, Papa Victorine," naye anarudi. Jambo likiisha, punje inatupwa ndani ya kibuyu. Kwa njia hiyo waliongea habari za mbuzi, za mvua, za watoto, hata wakagombana vizuri kama watu wengine wote.

Sasa binti yao Victorine alikuwa amepata mchumba, Honoré, mtoto wa Hakorimana. Hakorimana alihamia Ntoto miaka mingi nyuma, akauza chumvi na mafuta ya mawese. Kule, mwendo wa siku mbili kwa miguu, walijua sifa za Evode tu. Habari ya ugonjwa haikufika.

"Wakimusikia, watasema ukoo yetu iko na wazimu," alisema Ndayambaje, mdogo wake Evode. "Victorine atazeekea hapa. Tuseme kaka iko Pinga, anauguza mujomba."

Mukagasana alitaka mtoto aolewe. Akakubali.

Siku ile ya ndege wageni walifika, mtungi wa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ukawekwa katikati. Ndayambaje akasema maneno mazuri, akaomba msamaha kwa ajili ya kaka aliye Pinga. Hakorimana alikuwa ameshika mrija anywe, wakati mlango ulipoingia giza.

Evode alisimama pale. Alikuwa amevaa koti lake la zamani la harusi, matope mpaka magotini.

"Karibuni mu Muheto," Evode akasema. "Njia iko na matope, matope ya mwaka ile, ng'ombe ya Padri ilianguka, wakaita fundi, fundi ya misumari… mutoto yangu… ya…"

Hakorimana akachomoa mrija, akaulaza juu ya mdomo wa mtungi. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mrija ukilazwa hivyo, maneno ya ndoa yamekufa.

"Huyu ni nani?" aliuliza.

"Ni jirani tu, Papa," Ndayambaje akajibu haraka. "Anapitaga hapa kuomba chakula."

Jirani! Mukagasana alihisi kama amemwagiwa maji ya moto. Evode alimtazama mdogo wake, kisha akamtazama yeye, mke. Hakuwa na hasira. Alikuwa anangoja. Hapo ndipo mama huyu alipoelewa kwamba uongo ule aliuanzisha yeye mwenyewe asubuhi, kwa ndege wasiokuwepo.

Mwanamke hasemi mbele ya wageni wa posa. Yeye alikwenda jikoni, akarudi na kibuyu na punje tatu, akapiga magoti, akaziweka mkononi mwa mume wake.

"Huyu njo bwana yangu. Huyu njo baba ya Victorine. Papa Hakorimana, mumungojee. Anakawiaga, lakini anafikaga."

Evode akafumba punje moja. "Ya kwanza. Niligonjwa mugiga. Shingo ilikaza kama daraja, daraja ya…" Mukagasana akamgonga ngumi. "Mugiga," alirudia. "Ilinikuta mukubwa. Sikuipata kwa baba, na mutoto hataipata kwangu." Punje ikalia ndani ya kibuyu.

"Ya pili. Mimi sikwenda Pinga. Nilisimama inje, nilisikia. Na kwa shamba hakuna ndege." Ikalia tena. Mukagasana hakuthubutu kuinua uso.

"Ya tatu. Mutoto yangu…"

Mkono ukabaki hewani. Wakangoja. Jasho likamtoka. Mukagasana alilijua neno, lilikuwa kwenye ulimi wake, lakini siku ile alikuwa ameshamsemea ya kutosha. Akauma mdomo.

Hakorimana akainuka, akanyoosha kiganja.

"Papa Evode, unipe hiyo ya tatu, nikuchungie. Leo nyumba muzima imenidanganya, muntu moja tu njo amesema kweli. Siwezi kunywa. Lakini siku ya Mungu ya tatu nitarudi, na nitasema na weye, haiko na ule." Akamwonyesha Ndayambaje kwa kidevu.

Wiki tatu Mukagasana hakulala sawasawa. Jumapili ile ya tatu ilipofika, Hakorimana akaonekana njiani na Honoré, akafungua ncha ya leso, akamrudishia Evode punje yake.

Evode akaifumba. "Ya tatu. Mutoto yangu alimupenda huyu kijana. Nakubali."

Hakorimana akachovya mrija ndani ya mtungi.

Na tangu hapo, kila Evode akichukua jembe asubuhi, anasimama mlangoni kwanza, anamwuliza mke wake, "Mama Victorine, leo ndege iko?"

"Hapana," Mukagasana anajibu, na anajilazimisha kumtazama machoni. "Hakuna ndege."