Safu Saba za Watoto

Goti la kulia la Mwalimu Tsukuda Masanori lilivunjika akiwa na miaka kumi na tisa, alipoanguka kutoka kwenye chuma cha juu cha sarakasi mbele ya majaji. Ndoto ya kuvaa jezi ya taifa ikaishia hapo. Akasomea ualimu, akaletwa kwenye mji wetu mdogo wa Kamiozawa, milimani, akawafundisha watoto wa shule ya msingi kubingirika, kusimama kwa mikono na kuruka kasha la mbao la ngazi kadhaa. Alikaa miaka ishirini na tatu. Mimi nilikuwa mwalimu wa afya pale pale. Michubuko yote ya somo lake iliishia kwenye chumba changu cha huduma ya kwanza.

Watoto walimpenda kwa sababu hakucheka hofu ya mtu. Aliyeshindwa kuruka kasha, alipunguziwa ngazi moja, kisha nyingine, mpaka akaruka, halafu wakaanza kupanda upya. Na kila Ijumaa, vipindi vikiisha, aliwachezesha rede. Hapo ukumbi mzima uligeuka soko.

"Kwepa, we gogo!"

"Haukunigusa!"

"Umekugusa shati!"

"Shati si mimi!"

"Shati ni wewe," Mwalimu Tsukuda angesema. "Toka."

Wa kumtoa kwa shida alikuwa Ogiwara Chinami wa darasa la sita. Alikuwa na mabega mapana, miguu ya paka na mdomo usiochoka. Mpira ukimjia aliudaka, akauliza, "Huu ndio umetupa, au umekuponyoka?" Kisha aliyeutupa alitoka.

Kila msimu wa vuli, siku ya michezo, darasa la sita lilijenga mnara wa watoto: wa chini wakipiga magoti na kuegemea mikono, wa juu wakipanda migongoni mwao, safu juu ya safu, mpaka mmoja peke yake kileleni. Wazazi walilia machozi. Mwaka uliotangulia tulijenga safu sita. Kisha ikasikika kwamba shule ya bonde la pili imejenga saba.

Kwenye kikao cha walimu, mwalimu mkuu, mzee Nishigaki, alisema nasi tutajenga saba.

"Mwalimu mkuu, watoto wa mwaka huu ni wachache, na wengi ni wembamba," Tsukuda alisema. "Tano zinatosha."

"Tano? Wazee wa mtaa wameshaambiwa saba. Unataka waseme tumerudi nyuma?"

"Hapana, mwalimu mkuu."

"Basi?"

Tsukuda aliinamisha kichwa. "Nitajitahidi."

Tulikuwa walimu kumi na moja mle ndani. Hakuna mwingine aliyefungua mdomo. Mimi nilikuwa nikitazama kikombe changu cha chai.

Chinami aliwekwa safu ya chini, katikati, mahali penye mzigo kuliko pote. Siku tatu kabla ya mazoezi ya mwisho alikuja kwangu akitembea kama bibi kizee.

"Mgongo, mwalimu. Kidogo tu. Nibandike ile dawa ya baridi."

"Mwalimu Tsukuda anajua?"

"Usimwambie! Nikitoka mimi ataingia Sayo, na Sayo ni mwembamba kama kijiti cha kulia wali. Atakatika."

Tulicheka. Nikambandika dawa, nikaandika kwenye daftari langu "maumivu ya mgongo, hafifu," nikamwacha aende. Nilijiambia nitamweleza Tsukuda kesho yake. Kesho yake kulikuwa na watoto wawili wenye homa, na keshokutwa yake sikulikumbuka tena. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Sina namna nzuri zaidi ya kulisema.

Alhamisi asubuhi, kwenye mazoezi ya mwisho, mnara ulisimama. Niliuona kupitia dirishani, watoto ishirini na wanane, na yule wa kileleni alikuwa ananyoosha mikono. Kisha safu ya tatu ikatetemeka. Hawakuanguka nje kama tulivyofikiri wataanguka. Walididimia ndani, wote, kama kwenye shimo moja. Tsukuda alikimbia na goti lake bovu, akawatoa mmoja mmoja, akiita majina. Wa mwisho kabisa alikuwa Chinami. Alikuwa amefumbua macho.

"Mwalimu," alimwambia, "nani kanikalia miguu?"

Miguuni pake hapakuwa na mtu.

Uti wa mgongo ulikuwa umevunjika. Jioni ile ile mwalimu mkuu alimwita Tsukuda ofisini, nami nikaitwa na daftari langu.

"Andika kwamba mtoto aliteleza mkono," Nishigaki alisema. "Ni kwa ajili ya shule. Hata kwa ajili yako."

Tsukuda aliandika mbele yetu, taratibu, kwa mwandiko mzuri. Aliandika kwamba uzito ulikuwa mkubwa kupita kiasi, kwamba yeye mwenyewe alilijua hilo, na kwamba mtoto hakukosea chochote. Mwalimu mkuu alisoma, akaniomba daftari. Hakuligundua lile neno la mgongo, au alijifanya hakuligundua. Alinirudishia.

Kila siku baada ya kazi Tsukuda alienda hospitalini, akasimama kwenye ujia, kichwa chini. Siku ya tisa mama yake Chinami alitoka chumbani. Nilikuwapo.

"Mwalimu, wewe hujui kuhesabu?"

Tsukuda alizidi kuinama.

"Nakuuliza. Juu ya safu ya mwanangu walikuwa watoto wangapi?"

"Ishirini na mmoja, mama."

"Kumbe unajua," alisema, akafunga mlango.

Chinami alirudi shuleni Februari, kwenye kiti cha magurudumu, wiki sita kabla ya kumaliza darasa la sita. Ijumaa ile watoto walicheza rede kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyetaka. Hakuna aliyethubutu kumtupia. Mpira ulizunguka pembeni yake kana kwamba hayupo.

"Nitupieni basi! Mnaogopa nini, nitakimbia?"

Hakuna aliyecheka. Sayo akamtupia polepole. Chinami aliudaka, akageuza kiti, akamlenga Mwalimu Tsukuda aliyesimama ukutani. Ulimpiga kifuani. Aliuokota, akampelekea, akarudi pale pale.

"Kwepa, mwalimu!" watoto walipiga kelele.

Hakukwepa. Mara ya pili tumboni, ya tatu shavuni. Kila mara aliuokota na kumpelekea kwa mikono miwili. Mara ya kumi hivi, Chinami aliupokea mpira, asiutupe.

"Usipokwepa si mchezo," alisema. "Sitaki uwe unanifundisha tena."

"Nimesikia," alisema Tsukuda.

Siku ya mahafali Tsukuda alimwona Chinami kwa mbali tu, kisha akapeleka barua ya kuacha kazi. Alipokuwa akifunga vitu vyake nilimfuata nikamweleza kila kitu: dawa ya baridi, maneno yake juu ya Sayo, daftari. Nilitarajia anitukane. Aliketi juu ya boksi lake la vitabu.

"Mwalimu Hatano, ungeniambia, ningemtoa," alisema. Kisha akatikisa kichwa. "Sijui. Zilibaki siku tatu. Pengine ningemwambia avumilie."

Mwaka uliofuata shule yetu haikujenga mnara. Nishigaki alistaafu kwa shada la maua. Mimi nilibaki na kazi yangu miaka mingine minane.

Tsukuda sasa anachambua vitunguu majani kwenye ghala la wakulima, ng'ambo ya mto, anafunga mafungu toka asubuhi hadi saa kumi. Nilimtembelea mara moja. Wafanyakazi wenzake hawajui kwamba aliwahi kuwa mwalimu. Kina mama wa pale walikuwa wakitafuta mtu wa kuwafundisha watoto wao kubingirika kwenye magodoro, siku za mapumziko, nami nikathubutu kumtaja. Aliosha mikono, akaipangusa kidole kwa kidole.

"Usiwatajie jina langu tena," aliniambia, akarudi kwenye meza yake, maana kengele ilikuwa imelia.