Mbunge Aliyenitafutia Watu wa Kuzika

Jirani yetu pale mtaani Bertrams alikuwa mzee kutoka Ireland, aliyekuja kukaa kwa binti yake baada ya kufiwa na mkewe. Ujanani alichezea mkoa wake mchezo wa kwao wa fimbo na mpira mdogo. Umaarufu huo ukampeleka bungeni, akakaa huko mpaka wapiga kura walipomchoka. Nilijua yote hayo kwa sababu mzee hakuwa na breki. Kila hadithi yake ilianza na bao ikaishia kwenye kura.

Mume wangu alimpenda. Mimi alinichosha, hasa aliposimulia kwamba kwao mbunge asiyekwenda mazikoni hapati kura, kwa hiyo alizika hata watu asiowajua. Kutafuta kura msibani! Nilimwambia mume wangu huyo mzee hana haya. Akacheka tu.

Mume wangu alikuwa mzaliwa wa hapa. Tulikutana Morogoro alipokuwa uhamishoni kwa kupinga ubaguzi wa rangi kwao, nikamfuata wakimbizi walipofunguliwa njia ya kurudi. Alipofariki, ndugu zake walikuwa wametangulia, na sisi tuna mabinti tu. Hapa wanaume wa ukoo na majirani ndio wanaofukia kaburi, wakipokezana sepeto. Niliogopa mume wangu angefukiwa na tingatinga huku mimi na wanangu tumesimama peke yetu. Kuomba watu sikuweza. Nina kiburi, na kwa majirani wengi nilikuwa bado yule mgeni.

Mzee alipokuja kunipa pole nilimweleza. Akaondoka bila kunisimulia hata bao moja. Kesho yake nikamwona dirishani, amevaa suti na tai, anavuta goti lake bovu mlango hadi mlango: kwa fundi cherehani, saluni, kwenye spaza, kile kiduka cha mtaani, kwa walinzi. Hasira zikanipanda, nikaona ananitangaza mtaa mzima. Binti yangu ndiye aliyenizuia nisimfuate.

Jumamosi, makaburini, wanaume walikuwa wengi kuliko sepeto. Walikuwepo Wakongo, Wazulu, hata yule wa spaza niliyewahi kumtukana kwa sababu ya mkate mkavu. Walifukia huku wakiimba, mpaka tuta likasimama. Mzee naye alichukua zamu yake, akakataa kupokonywa sepeto. Namshukuru mpaka leo, na namwomba radhi kimoyomoyo.

Tuliporudi nyumbani, watu wakinawa mikono getini, alisimama pale akimshika kila mtu mkono na kumshukuru. Fundi cherehani, Mkongo, akaninong'oneza, "Mama, uyu muzee anatafuta kiti gani?"

Nikamtafsiria mzee. Mzee akajibu kwamba kiti alishanyang'anywa zamani.

Nilicheka kwa sauti, siku niliyomzika mume wangu, na kicheko kikageuka kilio palepale mbele za watu. Mzee, kwa mazoea yake, akanishika mkono na mimi.

"Asante kwa kuja, mama," akasema.

Miaka yote niliyoishi nchi hii, hakuna aliyewahi kuniambia hivyo.