Ruhusa ya Kitu cha Bure

Neno "huria" nilianza kulichukia kambini. Kabla ya hapo nilikuwa nalifundisha bila kinyongo kwa vijana wa kompyuta pale Ujiji: programu huria ni ile ambayo kila mtu anaruhusiwa kuitumia, kuichungulia ndani ilivyotengenezwa, kuibadili na kumpa mwenzake. Basi, ndiyo hiyo tu. Hata bibi yangu, muuza mawese, angeelewa, maana michikichi ndivyo ilivyoenea kwetu. Mtu alimpa jirani mbegu, jirani akapanda, na hakuna aliyedai risiti.

Kisha nikapata kazi ya ufundi katika mradi wa kupeleka masomo ya kompyuta kwenye shule za wakimbizi wa Burundi, huko juu njia ya Kasulu. Ndipo nikakutana na meneja.

Meneja alitumwa kutoka Dar es Salaam. Sina ugomvi na watu wa Dar, shemeji zangu wako huko. Lakini huyu alikuja na kizibao chenye mifuko mingi kuliko vitu vya kutia, na kila mkutano aliufungua kwa hotuba ileile. "Ndugu zangu, hii ni programu huria. Huu ni uhuru. Hapa hakuna mwenyewe, mwenyewe ni wewe." Watoto walipiga makofi kwa kuwa waliambiwa wapige. Walimu wao, Warundi waliozoea hotuba za kila rangi ya kizibao, walitazama chini wakangoja soda.

Kilicholetwa kilikuwa sanduku la chuma lenye seva ndani, pamoja na kompyuta mpakato zilizochoka huko zilikotoka. Seva ilirusha masomo darasani bila intaneti, na wanafunzi wakayafungua kwenye kompyuta. Wazo zuri, sikatai. Sasa njoo kwenye masomo yenyewe. Kiingereza kitupu, wakati shule za kambini zilifuata mtaala wa kwao, kwa Kirundi na Kifaransa. Somo la kwanza la kemia lilieleza kwa nini chumvi humwagwa barabarani theluji ikianguka. Nilimwuliza meneja, kwa adabu kabisa, nani hapa ana theluji. Akanijibu kwamba lengo ni kupanua upeo wa mwanafunzi. Upeo ukapanuliwa wiki chache, halafu kompyuta zikarudi kabatini.

Aliyezitoa kabatini alikuwa mwalimu wa kemia, mwanamke wa Kirundi mwenye sauti ndogo, mkimbizi kama wanafunzi wake. Darasa lake la mtihani wa mwisho halikuwa na kitabu hata kimoja cha kueleweka. Alinifuata akaniuliza, "Kaka, ulisema mtu anaweza kuibadili. Ni kweli au ni maneno ya mkutanoni?"

Nikamwambia ni kweli, nikamwonyesha namna ya kutia masomo. Sikumwonyesha mara mbili. Tangu hapo kila jioni baada ya vipindi alikaa pale akiandika, Kifaransa juu kama mtihani wao unavyotaka, maelezo ya Kirundi chini. Theluji ikaondoka. Pakaingia mihogo michungu na kwa nini tunailoweka, pakaingia sabuni ya mawese, majivu, kutu ya mabati ya kwenye vibanda vyao. Picha alizipiga mwenyewe kwa simu yenye ufa. Wanafunzi wakaanza kugombania kompyuta, na shule za jirani zikaleta wa kwao.

Meneja alifurahi mno. Msidhani alifurahia kemia. Seva ilikuwa inahesabu kila ukurasa unapofunguliwa, na zile hesabu ndizo alizowapelekea wafadhili. Mstari kwenye mchoro wake ulikuwa umelala, sasa umesimama. Akaja kambini na wageni, akasimama mbele ya somo la mihogo akilieleza kana kwamba aliloweka yeye. Mwalimu mwenyewe alikaa nyuma na wanafunzi, hakuna aliyemtaja.

Baadaye yakaanza mambo ya kurudi nyumbani. Familia zilijiandikisha, zikapangiwa msafara, na mume wa mwalimu akajiandikisha na yeye. Mwenzao aliyetangulia alikuwa amepeleka habari: shule ya kilimani kwao ina madarasa, haina mwalimu wa kemia, wala haina kitabu. Nafasi inamngoja. Hivyo mwalimu alitaka kitu kimoja tu, achukue masomo yake aende nayo. Kazi ya mikono yake, nzima, inaenea kwenye memori kadi ndogo kuliko ukucha, na ile simu yake yenye ufa ingeweza kuyafungua.

Akaenda kuomba ruhusa. Mimi ningekuwepo ningemkamata mguu. Meneja alimwambia aandike barua. Akaandika. Meneja akasema barua imepokelewa na mchakato unaendelea. Mchakato. Kuna watu wamejenga nyumba kwa neno hilo.

Nilimfuata ofisini. Nikamwambia, bosi, hii ni programu huria, na masomo ni yake, ameyaandika yeye kwa lugha yake. Ananakili, anaondoka, seva inabaki na masomo yaleyale. Hakuna anayepungukiwa.

"Programu ni huria," akasema, "lakini maudhui ni mali ya mradi. Halafu wakianza kusomea kwenye simu, ule usomaji tutauhesabu vipi?"

Nikamkumbusha hotuba yake, ile ya mwenyewe ni wewe. Akaniangalia kwa huruma, akasema mimi niliajiriwa kama fundi, mambo ya sera niwaachie wenyewe. Kumbe wenyewe walikuwepo. Ukistaajabu ya Musa, utayaona ya Firauni.

Nikarudi kwa mwalimu nikamwambia asingoje mtu, ile barua ilikuwa kumvisha meneja kilemba asichostahili. Leta kadi, nikuwekee sasa hivi.

Akatikisa kichwa. "Kaka, wewe umezaliwa hapa. Wewe ukibeba kitu, ni chako mpaka mtu athibitishe umeiba. Mimi nikibeba kitu, nimeiba mpaka nionyeshe karatasi." Akanieleza jinsi mume wake alivyoshushwa garini karibu na Kidahwe kwa sababu kibali chake cha kutoka kambini kilikuwa cha jana. Alikuwa na mfuko wa dagaa tu. "Siku ya msafara mizigo inafunguliwa. Sitaki waniulize hiki nini, nani kakupa, mbele ya watoto wangu."

Niliwaka. Sikumkasirikia yeye. Niliwakasirikia wale waliochukua mwanamke mwenye akili kiasi kile wakamfundisha kuomba ruhusa hata ya maneno yaliyotoka kichwani mwake.

Nikashuka mjini, nikaenda Kasingirima kwenye kibanda cha kurusha nyimbo, kununua kadi. Wavuvi wa Kibirizi walikuwa wamejaa pale wakiwekewa nyimbo na filamu za kusikiliza na kutazama ziwani wakisubiri dagaa. Mwenye kibanda alichomeka, akanakili, akachomoa, akampa anayefuata. Huyo hakuwa na kizibao wala sera, na nusu ya alichogawa sidhani kilikuwa halali, lakini uhuru aliokuwa akiuhubiri meneja niliuona pale kwake tu. Nikarudi na kadi, nikatia masomo yote, nikayajaribu kwenye simu yangu moja baada ya jingine. Yalifunguka.

Siku ya msafara niliwahi. Nilimkuta kwenye foleni ya mizigo, mtoto mgongoni, mwingine kashika kitenge chake. Nikamwambia nimemletea zawadi, nikaitia kadi kiganjani mwake.

Akaitazama. Alijua ni nini. Niliona vidole vinafumba, kisha vikafumbuka. "Ruhusa imetoka?"

Ningesema ndiyo. Mdomo ninao, mimi ni mtu wa Ujiji. Lakini mbele yake walikuwa wanafungua begi la mzee mmoja na kutandaza nguo zake chini, na nikaona nikimdanganya, atakayesimamishwa pale si mimi. Nikasema bado.

"Murakoze cane," akanishukuru, akanirudishia kadi kwa mikono miwili. "Ikitoka utanitumia."

Mradi ulifungwa miezi kadhaa baadaye kwa semina ya hoteli ya kando ya ziwa, kuku, samaki na begi la bure kwa kila mshiriki. Meneja akarusha ukutani somo la mihogo. Picha ileile, na kivuli cha mwalimu mwenyewe kikionekana kwenye maji ya kulowekea. Akatangaza kwamba masomo yote yamewekwa kwenye intaneti, huria, kwa dunia nzima, yeyote ayachukue. Jina lililoandikwa chini lilikuwa la mradi. Ukumbi ukapiga makofi, na debe likaendelea kuvuma mpaka chakula cha mchana. Nilimwuliza barua ya mwalimu iliishia wapi. Akasema, mwalimu yupi?

Wakati wa mvua simu ikaita kwa namba ya ng'ambo. Ni yeye, kwa simu ya kuazima. Kazi amepata, ana darasa kubwa. Intaneti hakuna huko kilimani. Ile simu yake ya ufa bado inawaka, ila haina kitu ndani. Anayaandika masomo upya kutoka kichwani, ubaoni, na mengine yamemtoka, hasa yale marefu ya asidi, ndiyo yanayotoka kwenye mtihani. Akauliza kama ruhusa imetoka.

Nikamwambia imetoka, dada, imetoka kwa dunia nzima, kadi ninayo hapa, nitampa mtu wa boti akuletee wiki hii.

Nikasikia watoto wakisoma kitu kwa pamoja nyuma yake.

"Imetoka kwa maandishi?" akauliza.