Mlango wa Mbele wa Muriel Entwistle

Jirani yangu Muriel Entwistle alizaliwa katika nyumba ile, na hadi anatimiza miaka sabini na mmoja hakuwahi kukalia kiti cha sebule ya mbele. Sebule ya mbele ni ya wageni. Mlango wa mbele nao ni wa padri, bibi harusi na jeneza; sisi wengine tunapita jikoni. Ndivyo tulivyo mtaani kwetu hapa mjini Rochdale, na sioni cha kuchekesha. Ila Muriel alizidisha. Tangu mumewe Harold atolewe pale kwenda kuzikwa, mlango haukufunguliwa tena. Ulipakwa rangi tu kila mwaka, mpaka ukagandana na fremu.

Mwaka ule kampuni moja ikataka kuubomoa mtaa ijenge maegesho ya magari. Dawa ilikuwa moja: mkaguzi wa majengo ya kale aje aione nyumba ya Muriel, aandike kwamba imebaki kama ilivyojengwa enzi za Mfalme Edward, ilindwe kisheria isibomolewe. Muriel akang'arisha vigae vya meko, akapangusa maua ya plasta darini, nusura aanguke ngazini. Mlango akausahau.

Mkaguzi, Bwana Pargeter, akabisha mbele, mvua ikinyesha. Mimi na Muriel tukavuta kwa ndani, yeye akasukuma kwa nje. Wapi. Muriel akapiga magoti, akafungua tundu la barua, lile la mlangoni analotumbukizia tarishi.

"Samahani, Bwana. Huu mlango una ukaidi kidogo."

"Samahani mimi, Mama. Labda nimekuja siku mbaya."

"Shoga, mwambie azunguke jikoni," nikamnong'oneza.

"Mtu wa serikali? Nimeanika soksi kule."

"Kwani yeye hana miguu?"

Akarudi tunduni. Naye Bwana Pargeter, kwa adabu zake, hakuweza kuzunguka bila kualikwa. Nusu saa nzima watu wazima wawili waliombana radhi kupitia tundu la barua, na nyumba inakwenda hiyo. Nilitamani kuwazaba vibao wote. Mwishowe Muriel akaona aibu mgeni kukaa bila kutia kitu mdomoni, akampitishia biskuti tunduni. Bwana Pargeter akapiga magoti kuipokea, akachungulia.

"Mama," akasema, mdomo umejaa, "hivyo vigae vya sakafuni ni vya tangu mwanzo?"

"Vingekuwa vya lini tena?"

"Na kile kioo cha rangi? Na ngazi? Hebu sogea kidogo. Siyo huko, kushoto. Una biskuti nyingine?"

Alikagua ukumbi mzima kwa magoti, biskuti sita.

Barua ilikuja baada ya wiki tatu. Nyumba inalindwa, kisiguswe kitu, hasa mlango wa mbele, ambao haujaharibiwa na matumizi. Muriel akaisoma, akalia, nami nikalia. Kisha akafuta machozi ghafla.

"Sasa siku nikifa nitatolewa wapi?"

"Jikoni. Kwani kuna njia nyingine?"

"Mimi? Nipitishwe chini ya soksi?" Akaikunja barua, akaitia kifuani. "Basi siendi popote."