Kisima Nyuma ya Lango la Ng'ombe

Nilipokutana naye nilikuwa nakaa Nkende kwa muda, kama nilivyokaa kila mahali kwa muda. Niliacha shule kidato cha pili. Tangu hapo nimebeba mizigo Sirari, nimelima vibarua Busawe, nimeponda mawe ya dhahabu ya watu wengine. Siku hizo nilikuwa na pikipiki ya kukodi. Alikuja kijiweni amebeba deli, kama lile la kuuzia aiskrimu, akaniuliza kama naweza kumzungusha kwenye vijiji vya upande wa Genkuru, na kama mimi ni mtu wa maswali mengi.

"Naulizaga sana," nikamwambia.

"Basi twende. Nimechoka kukaa na watu wasiouliza."

Alikuwa anasoma shahada ya uzamili ya kemia, mwanamke peke yake katika darasa lao. Alipima maji ya visima. Ndani ya deli kulikuwa na barafu, chupa, na kichupa cha asidi. Nikamuuliza asidi ni ya nini. Akaeleza kwamba tone moja linazuia madini yasing'ang'anie kwenye kuta za chupa kabla hayajafika maabara. Nililifikiria jambo hilo njia nzima.

Visima vingine havikutusumbua. Kilichobaki kilikuwa kile cha zamani kuliko vyote, ambacho wanafunzi waliomtangulia walikipima miaka iliyopita. Bila hicho hakuna cha kulinganisha, na bila kulinganisha hakuna tasnifu. Mwaka mmoja alikuwa ameshaupoteza kwa kuugua. Chuo kilimwambia akiukosa na msimu huu, nafasi yake imekwisha.

Kisima hicho kilikuwa kwa baba yake mkubwa.

Aliyempangia eneo hili ni mwalimu wake msimamizi, na alifanya hivyo kwa kumtakia mema. Programu yao ilikuwa imeanzisha utaratibu wa kuwasaidia wanafunzi wanaoelekea kuachwa nyuma: kila mmoja apelekwe mahali penye ndugu zake, lugha yake na kitanda cha kulala. Mwalimu, mama wa Kilimanjaro, aliona kwamba Mkurya akienda kwa Wakurya atapokelewa. Hakujua kwamba mwanafunzi wake alitoroka nyumbani akiwa shule ya msingi, wiki ya kukeketwa, akalelewa kwenye nyumba salama. Watu wa pale wana jina kwa mwanamke wa namna hiyo: msagane. Hata akiota mvi, wanamhesabu mtoto. Na kwenye boma lile msagane mtu mzima hapiti lango la ng'ombe. Kisima kilichimbwa ndani ya ua, nyuma ya lango hilo.

"Mbona hukumwambia mwalimu?" nilimuuliza.

"Ningeanzia wapi? Nikiongea tu wanacheka lafudhi yangu. Sasa niwaambie kwamba nyumbani kwetu mimi ni mtoto?"

Baba mkubwa alitupokea nje. Tulimpa shikamoo, akaitikia, akaagiza viti. Alimuuliza habari za masomo, na nilimwona anafurahia majibu. Kisha akasema, "Chai utakunywa, kuku utachinjiwa. Ila lile lango sikulijenga mimi."

"Baba, nataka maji tu."

"Utaletewa."

"Inatakiwa nichote mwenyewe, nipime palepale."

"Basi njia unaijua. Desemba haiko mbali." Desemba ndipo wanapokeketa. Alilisema kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni choo kilipo.

Wake zake walikuwa wanapukuchua mahindi pembeni. Mmoja akacheka. "Profesa wetu. Anapima maji ya dunia nzima, lango la ng'ombe linamshinda."

Mwingine akanigeukia. "Na wewe, mura, deli umebeba, aiskrimu ziko wapi?"

Watoto wa kike walikuwa wanaingia na kutoka na ndoo. Hawakuzuiwa. Wao bado walikuwa wanasubiriwa.

Mimi niliruhusiwa kuingia. Yule dada aliniongoza kutoka nje, uso wake ukiwa kwenye nafasi kati ya nguzo mbili za ua: suuza chupa, mwaga, suuza tena, sasa jaza, weka tone. Nikasoma kipimo kwa sauti, naye akaandika amesimama. Kazi ilionekana imekwisha.

Tulipofika barabarani alinisimamisha, akampigia mwalimu, akamweleza yote. Alipokata simu nilimwambia, "Si ungenyamaza tu? Nani angejua?"

"Hivyo ndivyo watu wanavyoanza kupika data," akasema, akapanda pikipiki.

Mwalimu alikuja mwenyewe baada ya siku kadhaa. Alikuwa na haraka ya mtu anayeamini kwamba jambo litaisha kwa maongezi. Mzee alimfungulia lango kwa mkono wake, na mwalimu akapita. Alipofika katikati ya ua akageuka, akamwona mwanafunzi wake bado yuko nje na deli miguuni.

"Njoo, mama."

"Siwezi, Mwalimu. Nilikueleza."

Mwalimu akakaa na mzee. Aliongea kwa heshima, kwa muda mrefu, na mzee alitikisa kichwa hadi mwisho kama anayekubali. Halafu akajibu, "Mwalimu, nikimpitisha, wanangu wataoa kwa nani? Nani atakanyaga hapa siku nikifiwa?"

"Mbona mimi nimepita?"

"Wewe si wetu."

Nilimtazama yule dada nje ya ua. Alikuwa amesikia. Aliinama, akafungua deli, akapanga upya chupa ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

Mwalimu alitoka, akasimama karibu naye. "Nilidhani nakurudisha nyumbani," akasema.

"Umenirudisha, Mwalimu."

Nilisikia baadaye kwamba mwalimu alimpigania sana. Kamati ilisikiliza, ikasikitika, ikasema msimu umekwisha na sampuli zilizochotwa na dereva wa pikipiki haziwezi kubeba shahada ya mtu. Jina lake likaondolewa. Sasa anafundisha kemia sekondari ya binafsi huko Mwanza. Nilimpigia mara mbili tatu, tukaongea kuhusu mvua. Mara ya mwisho simu iliita bila kupokelewa.

Msimu uliofuata kisima alipewa mwanafunzi mwingine, kijana wa Iringa, mtu mwema asiyeuliza kitu. Mwalimu alimpa namba yangu. Nilibeba deli lilelile, tukapita langoni bila neno. Wale wake wa mzee waliniuliza, "Profesa wetu yuko wapi?" Nikawaambia. Hakuna aliyecheka. Mmoja aliendelea kupukuchua hindi ambalo halikuwa na punje tena.

Kijana alichota, akapima, akaandika. Mzee alisimama karibu, amejishika mikono mgongoni.

"Maji yetu ni mazima?" akauliza.

"Majibu yatatoka maabara, mzee. Yataenda chuoni."

"Na sisi?"

Kijana akasema hajui utaratibu wa hilo. Mzee akanitazama mimi, akasema kwa Kikurya, taratibu, kwamba binti yao asingeondoka bila kuwaambia.

Lango lilikuwa wazi nyuma yake, kwa kuwa ng'ombe walikuwa wameshakwenda malishoni, na kijana wa Iringa alikuwa ananiita nibebe deli.